Karakana Katika Njia ya Maji

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza Dar es Salaam, kisha huingia baharini karibu na daraja la Selander. Kabla ya kufika huko hutanuka Jangwani, bonde tambarare ambalo maji ya masika hutuama. Wapanga miji waliliita eneo la hatari miongo mingi iliyopita. Maskini nao walilijua hilo, wakajenga vivyo hivyo, kwa kuwa kutoka Jangwani mtu hufika soko la Kariakoo kwa miguu. Mbeba mizigo na mama lishe wanatakiwa kuwa sokoni alfajiri, na nauli ya kutoka pembezoni mwa jiji hula faida ya siku.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha na takriban watu 40 wakafa. Serikali iliwahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini mwa jiji, wakapewa mahema na viwanja. Kuwaondoa hatarini ilikuwa sahihi. Lakini Mabwepande iko kilomita 30 hivi kutoka Kariakoo. Baadhi yao waliuza viwanja wakarudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi naona walikuwa wamepiga hesabu: mafuriko huja mara moja moja, ilhali watoto huomba chakula kila jioni.

Katika bonde hilohilo ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilichorwa alama ya X na matingatinga yakaingia. Wenyeji waliambiwa wamejenga katika njia ya maji. Karakana haikuguswa, na Mei 2016 mabasi yalianza kazi. Halafu mvua zikaja. Mabasi yalizingirwa na maji yakiwa yameegeshwa, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani mara kwa mara, na abiria wa Kimara wakabaki vituoni. Kanuni iliyombomolea mjane chumba chake haikutumika kwa saruji ya umma, na jiji zima likalipa gharama.

Wala maji hayo hayazaliwi bondeni. Huko juu miti imekatwa, mchanga unachimbwa mtoni, na vitongoji vipya vimejaa mapaa ya bati na nyua za saruji, hivyo mvua haina pa kuzama. Udongo hushuka na kujaza kina cha mto Jangwani, hata nafasi ya maji kupita chini ya daraja la hapo ikapungua. Anayesakafia ua wake mlimani hatozwi kitu. Anayebomolewa ni yule wa Kigogo, bondeni, ambaye maji hayo humfikia. Anayetaka kulikinga jiji dhidi ya mafuriko aanzie huko juu, kabla ya kushika rula na ramani.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: mto uchimbwe na kupanuliwa, daraja jipya lijengwe, karakana ihamishwe, na sehemu kubwa iwe bustani inayoweza kufurika bila kuua mtu. Naunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Hofu yangu ni ardhi itakayoinuliwa kando ya bustani. Mahali pakiwa pakavu na pazuri, bei hupanda, na katikati ya jiji hapo ndipo macho ya wawekezaji yatakapoelekea. Tena uthamini wa fidia humwona kwanza mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye mwenye vyombo vilivyosombwa, ana nini cha kuthaminiwa? Sehemu ya ardhi hiyo itengwe kwa nyumba za kodi nafuu, waliohamishwa wawe wa kwanza kupangishwa, na jambo hilo liandikwe katika mikataba kabla mwekezaji yeyote hajaoneshwa kiwanja.