Kabla ya Kumwambia Mtu Kwamba Kazi Imekwisha



Jambo tunaloandika leo lilitupata sisi wenyewe mashemasi, na tunaona haya kidogo kulitaja. Lakini tukilinyamazia, wengi wenu mnaoajiri watu mtaendelea kufanya kama tulivyofanya sisi.

Mwaka 2022 tulimfukuza mlinzi wa uwanja wa kanisa letu. Alikuwa ametutumikia miaka sita. Mifuko ya simenti ya kujengea ukuta ilihesabiwa, ikaonekana imepungua saba. Kesho yake katika maombi ya asubuhi mama mmoja akasema ameonyeshwa mtu akibeba mzigo usiku kupitia mlango wa nyuma. Mlango ule una ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa mlinzi. Jioni tukamwita, tukamwambia mbele ya waimbaji waliokuwa wakifanya mazoezi kwamba arudishe ufunguo na koti, aende zake. Hakuna aliyemwuliza neno. Mshahara wa siku kumi na nane za mwezi ule hatukumpa; tulisema utalipa simenti.

Mpaka leo hatujui nani aliichukua simenti ile, wala kama kweli ilifika yote, kwa maana aliyepokea gari siku ya kupakua hakuihesabu.

Hatusemi kwamba patroni hana haki ya kumwachisha mtu kazi. Anayo. Mwenye mtumbwi wa mota anayekwenda Baraka hawezi kumwacha mlevi ashike usukani wakati kuna abiria arobaini na mawimbi. Mama mwenye mgahawa ambaye wateja wamepungua hawezi kulipa wapishi watatu kwa fedha ya mmoja. Tunauliza jambo moja tu: mwenye haki hiyo anapaswa kuwa amefanya nini kabla ya kufungua kinywa chake?

Jambo la kwanza ni kuuliza na kusikiliza. Katika Mwanzo sura ya 3 Mungu alijua yote yaliyotendeka bustanini. Hata hivyo alimwuliza Adamu yuko wapi, akamwuliza kama amekula, akamwacha aseme maneno yake yote, hata yale ya kumsingizia mke wake. Ndipo akahukumu. Na kabla ya kuwatoa nje aliwavika mavazi ya ngozi. Yeye asiyehitaji shahidi aliuliza, na sisi ambao hata kuhesabu mifuko tulishindwa hatukuuliza!

Hapa tunajua neno letu halitawapendeza wengine. Sisi ni kanisa linaloamini maono, wala hatuyakatai. Lakini ono linaweza kumwamsha mtu aende akahesabu, aulize, atazame alama za miguu. Haliwezi kuwa sababu inayoandikwa katika barua ya kumwachisha mtu kazi. Mama yule alisema ameonyeshwa mtu. Hakusema ni nani. Jina tuliliweka sisi.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo. Kongo, ilipokuwa bado inaitwa Zaire, ilikubali mwaka 1987 mapatano ya kimataifa namba 158 ya mwaka 1982, yanayosema mfanyakazi asiachishwe kwa sababu ya mwenendo wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inadai sababu ya kweli: uwezo wa mtu, mwenendo wake kazini, au shida ya kazi yenyewe. Inadai barua inayotaja sababu hiyo. Inadai preavi isiyopungua siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka mzima aliotumika zinaongezwa siku 7. Fanyeni hesabu ya mlinzi wetu: 14, na 7 mara sita, jumla siku 56. Sisi tulimpa muda wa kuvua koti.

Wengine watasema: “Baba Shemasi, hayo ni ya makampuni makubwa. Mimi nina boyi mmoja, na hatukuandika kontra.” Ndugu, pale ambapo hakuna maandishi, sheria inahesabu kwamba mlipatana kwa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Kutoandika hakukufungui. Kunamfunga zaidi yule ambaye hakuandika.

Mfanyabiashara mmoja, ndugu yetu wa sokoni Mulongwe, alitupinga kwa Maandiko. Alisema: yule wakili wa Luka 16 aliambiwa mapema kwamba atatolewa, naye akautumia muda huo kuwapunguzia wadeni deni la bwana wake. Basi, ukimpa mwizi siku 56, si utakuta duka tupu? Tulikaa na neno lake siku kadhaa, kwa kuwa si neno la mzaha. Jibu tuliloliona ni hili: bwana yule alitangaza, lakini akaziacha hati za deni mikononi mwa wakili. Kosa lake lilikuwa hapo. Kama una shaka na mtu, kwanza pokea funguo na vitabu, hesabu mali mbele yake na mbele ya shahidi mmoja ambaye si mtu wako, wote watatu muweke sahihi. Unaweza kumsimamisha kwa muda mfupi unapochunguza. Na kama kosa ni zito na limethibitishwa, sheria haikulazimishi kukaa naye. Inakutaka uandike barua ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua. Kinachokatazwa ni kukasirika asubuhi na kufukuza jioni.

Jambo la pili ni fedha, na hapa tunawaomba mtuvumilie, maana ndipo tunapokosa zaidi. Mtu akiitwa, fedha yake iwe imekwisha kuhesabiwa iko mezani: siku alizotumika, likizo ambayo hakuichukua, preavi kama hatatumika siku zake. Kumwambia “rudi wiki ijayo” ni kumfanya awe mwombaji kwa jasho lake mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 15 inasema hata mtumwa anayeachwa huru asitoke mikono mitupu. Na yule binti wa kazi za nyumbani aliyetoka milimani au Fizi, ambaye sahani alizovunja mnazikata katika mshahara kila mwezi, mkimtoa saa kumi na mbili jioni atalala wapi? Mpelekeni mchana, na nauli, na mzazi wake awe ameambiwa.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Mwaka 2003 Gécamines kule Katanga iliachisha wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa fedha za Banki ya Dunia, baada ya miezi mingi ya kutolipwa. Waliitwa wanaoondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamezeeka ndani ya kampuni, nayo ndiyo iliyokuwa hospitali yao na shule ya watoto wao. Fedha waliipokea mara moja, na kwa wengi ikaisha upesi. Hapa kwetu kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama kwa vita vya 1996. Miaka mingi baadaye wapo waliokuwa bado wanadai mishahara. Vita havitoi preavi, hilo tunalikubali. Lakini mtu asiyejua kama bado ana kazi au hana, hawezi hata kuanza kulima shamba la wengine.

Na maneno yenyewe yasemwe faraghani, mchana, na yule aliyeamua, si kwa kumtuma dereva.

Kuhusu mlinzi wetu, miezi minne baadaye tulimwendea nyumbani kwake, mashemasi watatu. Tulikubali kosa letu. Tukamlipa kwa mara tatu, kwa kuwa sanduku halikuwa na fedha ya kutosha. Tukamwambia arudi kazini, akakataa kwa upole. Aliomba jambo moja tu: karatasi inayosema alitumika miaka sita, bila neno la simenti. Tukaiandika, tukatia muhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja pamoja na kadi yake ya kupigia kura.

Mwaka uliofuata patroni mpya alitujia kuuliza habari zake. Tukamweleza yale tunayoyajua: usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kubomoa nyumba za watu, mlinzi huyu alibeba ngoma na vitabu vya kanisa akavipandisha juu ya dari, na alipofika kwake alfajiri akakuta ukuta wa nyumba yake umekwenda na maji.