Twahara ya Mkono Wenye Ukurutu

Swali la iwapo ugonjwa wa ngozi humpunguzia mtu usafi wake mbele ya Mungu na mbele ya watu ni la kale, na katika Kaunti ya Kakamega lina uzito wa pekee, kwa kuwa Uislamu uliofika Mumias katika karne ya 19 kupitia wafanyabiashara Waswahili umekaa huko pamoja na makanisa ya Kikatoliki na ya Marafiki, yaani Wakweka, na waumini wa pande zote hunyoosha mkono wanaposalimiana "mulembe".

Ukurutu wa mikono ni uvimbe wa ngozi usioambukiza, ambao huanza kwa mwasho na vipele vidogo vyenye maji, kisha ngozi hukauka, hukakamaa na kupasuka hadi kutoa damu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi sana, bali huonekana mabaka ya kijivu au ya zambarau, hivyo ni rahisi kuudhania fangasi. Tafiti zilizofanywa hasa Ulaya Kaskazini zinakadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 10 hupatwa nao ndani ya mwaka mmoja, wanawake zaidi ya wanaume, na chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni kazi za kufua, kuosha vyombo na kuuguza wagonjwa.

Hapo ndipo tiba inapokutana na ibada, kwa sababu maji yanayotakasa, yakirudiwa mara nyingi pamoja na sabuni, huondoa mafuta asilia yanayoilinda ngozi. Kurani, katika sura za An-Nisaa na Al-Maida, inampa mgonjwa ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwahirisha kwa udongo safi, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, wanaeleza kwamba ambaye kiungo chake kimoja kinadhuriwa na maji huosha viungo vilivyo vizima na kutayamamu kwa ajili ya kile kigonjwa. Si kila ukurutu unaofikia kiwango hicho. Mara nyingi inatosha kutawadha bila sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole, kisha kupaka mafuta mazito yasiyo na manukato baada ya udhu, si kabla, ili maji yafike kwenye ngozi. Anayedhani kwamba kuchukua ruhusa hiyo ni upungufu wa imani anakosea, maana anaifanya ibada iwe nzito kuliko alivyotaka Aliyeiamrisha.

Kwa Wakristo, Mambo ya Walawi sura ya 13 inamweka kuhani kuwa mkaguzi wa ngozi, lakini katika Yohana sura ya 9 Yesu anakataa kwamba upofu wa mtu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake, na hukumu hiyo inautosha ukurutu pia. Hakuna hoja ya afya wala ya dini ya kumnyima mgonjwa mkono, ingawa mwenye nyufa zinazouma anaweza kusalimu kwa maneno tu, asilaumiwe.

Krimu za steroidi, zinazotuliza uvimbe, hutumiwa kwa muda aliopanga daktari, lakini hazifui dafu iwapo mkono unarudi kwenye sabuni ya unga kesho yake. Kwa hiyo wajibu unamwangukia pia anayehudumiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe kinga mfanyakazi anayeshughulika na maji au vitu vyenye madhara. Mwenye nyumba anayefuliwa nguo na anunue glavu, pamoja na za pamba za kuvaliwa ndani yake, kabla ya kumlaumu mfuaji kwa mikono yake.