Daftari la Maktaba



Likizo ya mwezi wa sita imekwisha, watoto wamerudi shuleni, na vitabu vya maktaba yetu ndogo nyuma ya sakristia navyo vimeanza kurudi. Vingine bado viko safarini. Wahusika wanajijua, na Kitubio ni Jumamosi saa kumi jioni.

Tuna desturi pale. Ukirudisha kitabu, unakuta daftari limefungwa kwa kamba mguuni mwa meza; unaandika umekionaje. Jumatatu nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Wengi huandika "Kizuri" na kwenda zao, kama mtu atiaye sadaka huku akitazama saa. Mtoto wa darasa la tano amelalamika kwamba fisi alistahili kupigwa zaidi. Fundi baiskeli wa njia panda, ambaye ukurasa wake niliutambua kwa grisi kabla ya jina, amemaliza Kuli ya Adam Shafi, ile riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Ameandika maneno matatu: "Mambo haya yapo." Nimewasoma wahakiki waliotumia kurasa ishirini wasifike hapo.

Ukurasa ulionila asubuhi yote, hata hivyo, ni wa Rosa Mistika. Mnakijua, na wengine mlikisoma kwa kujificha. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa mtu wa hapa kwetu ziwani, mzaliwa wa Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi. Kitabu kilitoka 1971 na kwa muda kikapigwa marufuku shuleni. Jina la kitabu limetoka kwenye Litania ya Bikira Maria, jambo lililowaudhi baadhi ya watu kuliko hata hadithi yenyewe.

Baba mmoja ameandika kwa herufi kubwa: "KIONDOLEWE. HAKIFAI KWA MABINTI." Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mtu mwingine ameuliza: "Umekimaliza?" Halafu, kwa mwandiko wa taratibu, mama mmoja amejaza nusu ukurasa. Anasema alikisoma jikoni usiku, wengine wakiwa wamelala. Alipofika kwa Zakaria, yule baba wa kitabuni anayedhani binti hulindwa kwa kiboko, akakifunga. Akakaa siku mbili. Kisha akampigia simu binti yake aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi. Ameandika: "Hatukuongea sana. Aliniuliza kama kuku bado wapo."

Nakiri mbele yenu: nilipohamia parokia hii, kitabu hicho nilikifungia kabatini na ufunguo nikauweka mfukoni. Nilikuwa na sababu zangu, na ukinibana leo sikumbuki hata moja iliyo nzuri. Wanawake wanaotunza maktaba walikirudisha rafuni siku nilipokwenda mkutano wa dekania.

Tarehe 31 Julai tunamkumbuka Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye naye ana kisa cha vitabu. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu kule Pamplona, akarudishwa nyumbani kuuguza. Aliomba hadithi za mashujaa wa farasi na upanga, ndizo alizozipenda. Hazikuwamo nyumbani. Akapewa vitabu vya maisha ya Kristo na ya watakatifu, akavisoma kwa sababu kitanda hakikumpa la kufanya. Alipoviweka chini aliota mchana: mara anamtumikia bibi mmoja wa hadhi, mara anatembea peku kama watakatifu wale. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu wakati akiziota. Ndoto ya kwanza ilipokwisha ilimwacha mkavu, moyo mzito. Ya pili ilimwacha na furaha iliyoendelea baada ya wazo lenyewe kupita. Ilimchukua muda kuigundua tofauti hiyo, na katika kuigundua ndimo ulimoanzia utambuzi wa roho ambao Wajesuiti wanafundisha mpaka leo.

Tazameni alichokipima. Hakuuliza kama kitabu kimeandikwa vizuri, wala kama kinafaa au hakifai. Aliuliza kimemwacha vipi kilipofungwa. Mama wa jikoni amefanya hivyohivyo, ingawa sidhani kama amewahi kumsoma Ignasi.

Na yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, sura ya 8? Alikuwa safarini kurudi kwao kutoka Yerusalemu, anamsoma nabii Isaya garini, kwa sauti, maana Filipo, aliyelikimbilia gari lile, alimsikia. Filipo hakumpokonya gombo. Alimuuliza kama anaelewa, akaalikwa apande, akaketi naye, na hata hapo swali la kwanza kuhusu andiko lilitoka kwa msomaji. Baba wa herufi kubwa namheshimu. Amekimbia mpaka kwenye gari, jambo ambalo wazazi wengi hawafanyi. Ila hajapanda.

Papa Fransisko, katika barua yake ya Julai 2024 kuhusu fasihi, alikumbuka alivyofundisha shule ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Mtaala ulitaka El Cid. Vijana wakamtaka García Lorca. Akawaambia El Cid wakaisome nyumbani, na darasani wakazungumza juu ya waandishi waliowapenda wao. Alikuwa mwalimu kijana wa miaka ishirini na minane, na tayari alishajua kwamba mtu huanzia kusoma pale moyo wake ulipo. Mimi nina miaka hamsini na sita na ufunguo wa kabati.

Daftari limejaa, nimenunua jipya. Nilipokuwa nalifunga la zamani nikaona mstari kwenye jalada la nyuma, kwa penseli, mwandiko ni wa mtoto yuleyule wa fisi: "Baba Paroko, mbona wewe hujaandika?"

Nimekaa na kalamu. Mwezi mzima wa likizo ya watoto nilichosoma, nje ya breviari, ni ujumbe wa simu na makadirio ya bati la kigangoni. Kuli imesharudi. Nimeichukua, na kurasa zake za mwanzo zina grisi.