Taja Jina Lake

Somo: Ayubu 1:1–5, 18–22, 42:10–17



Wiki hii tunaangalia swali ambalo wazazi wengi kati yetu wamelibeba kimya kimya, hata wakiwa wameinua mikono wakiabudu. Msichana wa miaka 15 au 16 amelala. Mazishi yamepita. Hema limeshushwa, viti vimerudishwa kwa mwenyewe, kikundi cha WhatsApp cha michango kimenyamaza. Miezi inapita. Mama yake bado anamtaja karibu kila siku. Picha yake iko ukutani. Sanduku lake la shule liko chini ya kitanda, na ndani kuna sweta yenye jina lake kwenye kola. Sasa watu wanaanza kuulizana pembeni: huyu mama, bado tu? Si ameokoka? Si anajua mtoto yuko na Bwana?

Swali lenyewe ndilo hili: kuendelea kumkumbuka mtoto aliyelala, ni upendo ama ni kukosa imani?

Nataka tulijibu kutoka kwa Neno, kwa sababu jibu baya linaumiza watu. Kuna wazazi wameacha kumtaja mtoto wao kanisani, mahali ambapo wangetarajia kusaidiwa, kwa kuogopa kuonekana wachanga kiroho.

Hesabu ya Ayubu

Fungua Ayubu sura ya 1 na sura ya 42, uweke kidole huku na kidole kule. Mwanzoni Ayubu alikuwa na kondoo 7,000. Mwishoni wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe 500 zikawa 1,000. Punda 500 wakawa 1,000. Bwana alimrudishia kila kitu mara mbili, na tunapenda sana kuhubiri hapo.

Sasa fika kwa watoto. Mwanzoni alikuwa na wana 7 na mabinti 3. Mwishoni akapewa wana 7 na mabinti 3. Mbona hawakuwa 14 na 6?

Walimu wa Neno tangu zamani wameliona jambo hili na kulieleza hivi: kondoo akifa amekwisha, kwa hivyo unahitaji wawili kufika mara mbili. Mtoto hakwishi. Wale 10 wa kwanza waliangukiwa na nyumba, lakini hawakutoka kwenye hesabu. Mbele za Mungu Ayubu alikuwa baba wa watoto 20.

Kwa hivyo mama mwenye watoto watatu, mmoja akiwa amelala, akiulizwa ana watoto wangapi na akajibu watatu, tafadhali tusimrekebishe. Amehesabu sawa. Na wale wanaomwambia, “Usijali, Mungu atakupa mwingine,” warudi kwa kitabu hiki waone kwamba Yemima, Kesia na Keren-hapuki walikuwa baraka kubwa, lakini hawakuja kukalia viti vya dada zao.

Tena angalia mstari wa 11 wa sura hiyo ya 42. Mstari wa 10 umeshatangaza kwamba Bwana amemgeuzia Ayubu mambo yake. Kisha mstari wa 11 unasema ndugu zake, dada zake na wote waliomjua walikuja, wakala chakula nyumbani kwake, wakamlilia na kumfariji. Ushuhuda umeshapatikana, na bado mtu anafarijiwa! Hakuna aliyemwambia, “Mzee, sasa umebarikiwa, nyamaza.”

Machozi yana nafasi katika imani

Bwana wetu alisimama mbele ya kaburi la Lazaro akijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita na atatoka. Bado alilia. Kama mtu angekuwa na sababu ya kutolia, ni yeye. Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 4:13, hasemi tusihuzunike. Anasema tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Kwa hivyo kuna huzuni yenye tumaini, na hiyo ni ya waliookoka.

Hata katika historia ya kanisa tunaliona. Martin Luther, mtumishi aliyeongoza Matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani, alikuwa na binti aliyeitwa Magdalena. Alipougua sana, alitamani kumwona kaka yake Hans, aliyekuwa shuleni mji wa Torgau. Luther aliandika barua kijana aletwe nyumbani. Magdalena alifariki tarehe 20 Septemba 1542, akiwa na miaka 13. Siku chache baadaye baba yake alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe Katharina walijua wanapaswa kumshukuru Mungu tu, kwa kuwa binti yao ameepuka taabu za dunia hii. Lakini hawakuweza kushukuru bila kulia, kwa sababu sura yake, maneno yake na mwendo wake vilikuwa vimekaa ndani kabisa ya mioyo yao. Huyo ni mtu aliyefundisha mataifa habari ya imani. Imani haikumfutia mtoto wake moyoni.

Wale tuliowaombea wakalala

Hapa tuseme ukweli. Wengi wa wazazi hawa waliomba. Walifunga. Kanisa lilikesha. Na wanaposoma Marko 5, jinsi Yesu alivyomshika mkono binti wa Yairo mwenye miaka 12, akamwinua, na hata akakumbuka kusema apewe chakula, wanajiuliza: kwa nini si wangu? Kisha mtu anakuja na jibu la haraka: imani yenu ilikuwa ndogo.

Ndugu, soma Waebrania 11:35 polepole. Katika mstari huo huo mmoja, wanawake walirudishiwa wafu wao wakiwa hai, na wengine waliteswa hawakuokolewa. Ukifika mstari wa 39 unaambiwa wote hao walishuhudiwa kwa imani yao. Wote! Aliyerudishiwa na asiyerudishiwa wako kwa orodha moja. Usimwongezee mzazi mzigo ambao Biblia haijamwekea. Sababu ya binti yule kulala sasa hivi, Mungu anaijua. Sisi tusijifanye tumeambiwa.

Mkumbuke vile alivyokuwa

Sasa, kama kukumbuka si dhambi, tukumbuke namna gani?

Katika Matendo 9, Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa nao. Hawakutoa hotuba ya jumla kwamba alikuwa mtu mwema. Walishika nguo mkononi. Hii aliishona yeye.

Sisi kwenye tawasifu tumezoea kuandika kwamba marehemu alikuwa mpole, mtiifu na mcheshi, mpaka ukibadilisha jina unaweza kuisoma kwa mazishi mengine. Tena tukishazika tunaanza kusema amekuwa malaika. Lakini malaika hajawahi kubishana na mama yake juu ya kusuka nywele. Malaika hachelewi mazoezi ya kwaya kisha anaingia akiimba sauti ya kwanza kama ambaye hakuchelewa. Kama binti alikuwa na hasira za karibu na roho ya kusamehe haraka, semeni vyote viwili. Daudi alimlilia Absalomu, kijana aliyemfukuza kwenye kiti chake cha enzi, na hakungoja kwanza kumsafisha. Alimwita tena na tena mwanangu. Tukimfanya mtoto kuwa mtakatifu wa picha, tunampoteza mara ya pili. Na siku ya ufufuo Bwana hatatuletea mgeni mwenye mabawa. Atamfufua yeye mwenyewe.

Mpaka wake

Neno pia linatuwekea mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza: tunazungumza habari zake, hatuzungumzi naye. Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza kuwauliza wafu, na hiyo haijabadilika. Kutazama picha yake ukamshukuru Mungu kwa miaka 15 aliyokupa ni ibada. Kwenda kwa mtu anayesema atakuletea ujumbe kutoka kwake ni mtego, hata kama mtu huyo amebeba Biblia.

Mpaka wa pili: kumbukumbu isiwe fimbo ya kuwachapa waliobaki. Yakobo alipoamini Yusufu amekufa, alikataa kufarijiwa, na wana na mabinti wengine wakiwa wamesimama pale pale mbele yake (Mwanzo 37:35). Mzazi, simlaumu Yakobo. Lakini mtoto uliyebaki naye akisikia kila siku kwamba dada yake hangefanya hivyo, atafikiri afadhali angeenda yeye. Huyo naye amefiwa. Mkumbuke naye, asikumbukwe dada yake dhidi yake.

Kazi yetu kama kanisa

Waamuzi 11 inatupa habari ya kuhuzunisha ya binti wa Yeftha. Baba alifunga nadhiri kwa haraka, na gharama ikamwangukia msichana. Biblia haikutupa jina lake. Lakini inatuambia mabinti wa Israeli walikuwa wakienda kila mwaka, siku 4, kumkumbuka. Angalia ni nani waliokwenda: wasichana wenzake. Wenye umri wake waliweka siku kwenye kalenda.

Hapo tumepungukiwa. Kijana mmoja akilala, wenzake waliokuwa wakikaa naye benchi moja tunawaambia tu wajipe moyo na warudi kwa ratiba. Wao pia wana hadithi ambazo wazazi hawajawahi kuzisikia. Wapeni nafasi ya kuzisimulia. Waende nyumbani kwao, wakae na mama, wamwambie vile binti yake alivyowachekesha kwenye matatu wakitoka kambi ya vijana. Kwa mama aliyefiwa, hadithi mpya ya mtoto wake ni zawadi kubwa kuliko bahasha.

Na sisi watu wazima tuanze na kitu kidogo. Andika tarehe yake ya kuzaliwa na tarehe aliyolala. Zikifika, piga simu. Usianze na mahubiri. Sema, “Leo nimemkumbuka,” halafu taja jina lake. Tunaogopa kwamba tukimtaja tutamkumbusha mama machungu yake, kana kwamba alikuwa amesahau! Hajasahau. Anachoogopa ni kwamba sisi tumesahau.

Mungu mwenyewe, katika Isaya 49, anasema hata mama akiweza kumsahau mtoto wake, yeye hatasahau, na kwamba amewachora watu wake viganjani mwake. Kanisa linalomtaja binti aliyelala linafanya kazi ya Baba yake. Mzazi, kwa jina la Yesu, mkumbuke mtoto wako bila aibu. Ukija kwa ushirika wa nyumbani wiki hii na ukataka kumzungumzia, tutanyamaza tusikilize.

Tuombe: Baba, asante kwa kila binti uliyetupa kwa muda mfupi. Tusamehe pale tulipowanyamazisha waliokuwa wakilia. Shika mikono ya wazazi hawa, na wadogo na wakubwa waliobaki nyumbani. Utufundishe kukaa nao, na kungoja nao siku ile utakapowaita waliolala kwa majina yao. Katika jina la Yesu, Amina.