Mchezo Uwezao Kungoja

Twapenda kusifu kitu kisichokatika. Lakini je, kila jambo lafaa kuendelea popote aendapo mtu? Neno hili lilinijia kwa sababu ya mchezo wa mtoto.

Zamani mchezo wa video ulikuwa na mahali pake. Mashine ya nyumbani ilifungwa kwenye televisheni, na mtu akitoka nje aliuacha mchezo ndani. Vilikuwako pia vyombo vya mkononi, kama Game Boy iliyotolewa mwaka 1989 na Nintendo, kampuni ya Kyoto huko Japani. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilitoa Wii U, ambayo kwa hiyo mtu aliweza kucheza kwa kioo cha mkononi, wengine wakiitazama televisheni. Walakini akienda mbali na mashine, picha ilikatika. Kisha tarehe 3 Machi 2017 ikatoka Nintendo Switch. Hiyo ikiwekwa katika kitako chake, picha huonekana kwenye televisheni. Ikitolewa, mchezo ule ule huendelea mkononi, pale pale ulipofika. Si mashine mbili zinazopashana habari, bali ni moja, yenye kumbukumbu moja. Steam Deck ya mwaka 2022 yafuata njia nyingine: mahali ulipofika mchezo hutunzwa kwa njia ya intaneti, na kompyuta ya nyumbani huweza kuendelea kutoka hapo.

Sitaki kuvilaumu vyombo hivi bure. Kama nyumba ina televisheni moja, kijana aweza kumwachia mama yake asikilize habari, wala mchezo wake usipotee. Hilo laleta amani.

Siku moja nilikwenda msibani. Nyuma ya nyumba nilimkuta mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka kumi na miwili, ameinama juu ya mashine yake. Mchezo alikuwa ameuanza kwao sebuleni, akauendeleza garini, na sasa alikuwa nao msibani kwa bibi yake. Baba yake alikasirika, akasema, "Kitu hiki ni kibaya!" Nami nilitaka kuongeza langu, mara simu ikalia mfukoni mwangu, nikaitoa kuitazama kabla sijamaliza kumpa pole. Niliona haya.

Basi nilifikiri. Mtu aliye mwaminifu nyumbani, akaendelea kuwa mwaminifu sokoni, twamsifu. Kwa hiyo kuendelea si kosa. Tofauti ni hii: uaminifu haumzuii mtu kumwona jirani yake, bali humfumbua macho. Mchezo wataka macho, mikono na mawazo, vyote pamoja. Haumsindikizi mtu msibani. Humwondoa msibani, ingawa mwili wake u papo hapo. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa lililoponyoka ni bibi yake.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona huketi na wenzako?"

Akajibu, "Baba Mchungaji, nimebakiza kidogo tu."

"Ukiulaza sasa, utapoteza nini?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Sipotezi kitu."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Zamani mtoto aliyeitwa aliweza kusema, "Ngoja, nikizima nitaanza upya," na mara nyingi alisema kweli. Sasa udhuru huo umekwisha. Chombo kinachouchukua mchezo kila mahali ndicho kinachouhifadhi pia: wabonyeza kitufe kimoja, nao hulala hata utakaporudi. Isipokuwa ule unaochezwa na wenzako kwa intaneti, mchezo waweza kungoja. Mazishi hayangoji. Mgonjwa hangoji, wala mtoto anayetaka kuzungumza nawe jioni hangoji miaka yote.

Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuuweka uraibu wa michezo hii katika orodha ya maradhi, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Si kila achezaye ni mgonjwa, hasha! Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea ijapokuwa aona madhara yake.

Zamani mlango wa sebule ulituamulia. Sasa mlango huo umeondolewa, na kila mtu hana budi kuwa nao ndani yake. Mtoto hazaliwi nao. Hujifunza kwa kuwatazama wakubwa. Wazazi na walimu, tukimwambia aulaze mchezo, naye aona simu zetu mkononi, atajifunza lipi?

Kijana yule aliilaza mashine, akaja kuketi mkekani pamoja na shangazi zake. Mimi nami nikaizima simu yangu.