Kifafa, Pepo na Ubongo: Tumlaumu Nani?

Katika toleo hili tumeona tusiahirishe tena swali ambalo kina mama wametuletea mara nyingi, wengine kwa machozi. Mtoto akianguka na kutoa povu, au akiacha kuwa yule tuliyemjua, je, ni pepo, ni dhambi ya wazazi, au ni ubongo? Na kama ni ubongo, basi roho iko wapi?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kulikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili katika makao yetu hapa Rejaf, ambaye familia yake ilitoka upande wa Mundri baada ya mapigano ya mwaka 2015. Alikuwa na kifafa na alikuwa akimeza vidonge kila jioni. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mikono, na kwa siku nne hakuanguka. Tukamshukuru Mungu kwa nyimbo. Kisha mmoja wetu akamwambia mama yake kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani, na sisi wengine tuliokuwa pale tulinyamaza. Mama akatii, maana ni mtu wa kuheshimu kanisa. Siku ya tisa kijana alianguka juu ya jiko la makaa, akaungua mkono na shavu. Baadaye mhudumu wa afya alitueleza jambo ambalo tungeweza kuliuliza mapema: dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mishtuko inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Tulisema tunamwamini Mungu, lakini imani hiyo tuliijaribu juu ya ngozi ya mtoto wa mwenzetu.

Ndiyo maana tumeanza kusoma na kuuliza.

Ndugu waliotoka Mundri, Maridi na Mvolo wanaujua ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mtoto mzima, mwenye miaka kati ya mitano na kumi na mitano hivi, anaanza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, hasa akiwekewa chakula au akipatwa na baridi. Baadaye wengi wao wanaanguka kifafa chenyewe, wanadumaa, na akili inafifia. Mtu akiona asida iko mbele na mtoto mwenye njaa anatikisa kichwa tu, ni rahisi kusema kuna asiyeonekana anayemkataza kula. Sisi pia tungesema hivyo. Lakini wataalamu walipowawekea watoto hao nyaya za kupima umeme wa ubongo, walikuta kwamba kila kichwa kinapoinama, umeme huo unabadilika na misuli ya shingo inapoteza nguvu kwa kitambo kidogo. Kutikisa kichwa ni kifafa cha aina yake.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na nusu kasoro kidogo. Ndani yake kuna chembe za neva zipatazo bilioni 86, nazo zinapelekeana habari kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Njaa, hasira, jina la mama yako, mstari wa Biblia ulioukariri utotoni, yote yanapita humo. Wanakwaya wataelewa haraka: sauti ya kwanza inaingia, ya tatu inangoja, besi inashuka, na wimbo unatoka. Katika kifafa ni kama sauti zote zimeacha zamu zao na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Wanakwaya ni wale wale, tena hakuna mgeni aliyeingia kati yao, ila mpangilio umevurugika.

Ni nini kinachouvuruga? Sababu ni nyingi: mtoto kuumia wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, malaria iliyopanda kichwani. Kule Kilifi, Kenya, watafiti waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo walikuta baadhi yao wamebaki na kifafa, au shida ya kusema, au tabia iliyobadilika. Kwa upande wa Maridi sababu inayotajwa zaidi ni usubi, ugonjwa wa minyoo unaoletwa na wale inzi weusi wadogo wa maji yaendayo kasi, ambao pia hupofusha macho. Mwaka 2018 watafiti walipita nyumba kwa nyumba karibu na bwawa la Maridi. Kati ya watu 17,652 waliohesabiwa, zaidi ya wanne katika kila mia walidhaniwa kuwa na kifafa. Waliokaa karibu na bwawa ndio walioumia zaidi. Wataalamu bado wanabishana jinsi mnyoo unavyoudhuru ubongo, lakini wananchi walipoanza mwaka 2019 kufyeka majani yanayoning'inia kwenye mkondo wa bwawa, mahali inzi wanapotagia, na watu wakapewa tena dawa ya ivermectin, visa vipya vya kifafa vilipungua sana. Panga na vidonge vilifanya kazi hiyo. Tunadhani pepo asingejali majani ya bwawani.

Wala si jambo la Sudan Kusini peke yake. Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, aliyezaliwa Norway, alianza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, akawaona huko pia watoto wa kutikisa kichwa. Alikuta wagonjwa wanalishwa peke yao, kwa sababu watu waliamini mate yao yanaambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, maana aliyeanguka motoni hakuna aliyethubutu kumgusa. Hapa msomaji wa Rejaf ajiulize kama hajaona sahani iliyotengwa. Neno lenyewe kifafa, ambalo wengi wetu tulilikuta Kakuma au upande wa Kongo, mtu akilisikia anasikia ndani yake kufa. (Rejaf imezoea mambo ya maneno. Ni hapa hapa, mwaka 1928, ulipofanyika mkutano wa kuchagua lugha za shule za kusini mwa Sudan. Labda siku moja tutakaa tena tuchague neno lisilomuua mtoto kabla hajafa.) Daktari yule aliwapa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo kinachotumika tangu mwaka 1912, na wengi wakarudi shambani na jikoni.

Tunajua mtakachouliza: je, Biblia haisemi ni pepo? Tusome vizuri. Habari ya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini iko katika Mathayo 17 na Marko 9. Marko anamtaja pepo, na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inatumia neno kifafa katika Mathayo, kisha huko huko Yesu anamkemea pepo. Hatulifichi hilo. Lakini rudini Mathayo 4:24. Pale wagonjwa walioletwa kwa Yesu wanatajwa kwa makundi, na wenye pepo ni kundi moja, wenye kifafa ni kundi jingine, wenye kupooza jingine tena. Mwandishi yule yule aliyeandika juu ya kijana wa sura ya 17 alijua kwamba si kila anayeanguka ana pepo. Basi na sisi tusijifanye tunajua zaidi yake. Kuhusu dhambi ya wazazi, Bwana mwenyewe alikwisha kuulizwa jambo hilo katika Yohana 9, na jibu lake mnalijua.

Swali gumu zaidi lililetwa na baba mmoja katika ushirika wa wanaume. Alisema: kama tabia inatoka kwenye ubongo, roho ni kitu gani? Ndugu mmoja akamjibu kwamba ubongo ni kama redio na roho ni kama mtangazaji, kwa hiyo redio ikiharibika mtangazaji yuko salama. Ni jibu zuri kwa kusikia, na tulilipigia makofi, lakini tukilifikiria halisimami. Redio ikianguka majini, sauti inakwaruza, lakini mtangazaji aliyeko Juba hawi mkali, wala hasahau majina ya watoto wake. Ubongo ukiumia, mtu mwenyewe anaweza kubadilika. Mwaka 1848 huko Marekani mfanyakazi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa kichwani na fimbo ya chuma. Hakufa, wala hakupoteza usemi, lakini daktari wake aliandika kwamba marafiki zake walimwona si Gage yule tena, kwa jinsi alivyokuwa mkaidi na mwenye matusi. Baadaye alitulia kiasi cha kuendesha magari ya farasi kule Chile kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 1860, baada ya kupatwa na mishtuko ya kifafa.

Sisi tunasema hivi. Katika Mwanzo 2:7 Mungu hakumtia Adamu roho kama anayeweka betri ndani ya tochi. Alifanya mavumbi, akapuliza, na yule mtu mzima, mavumbi pamoja na pumzi, akawa nafsi hai. Hatukuumbwa vipande viwili vinavyokaa jirani. Ndiyo maana kanisa linakiri ufufuo wa mwili, na halisemi tu kwamba roho zitaendelea kuelea mahali fulani. Kwa hiyo kusikia kwamba mawazo yetu yanahitaji ubongo kusitutishe. Kumtibu ubongo ni kumtibu mtu.

Baba yule hakuridhika. Alisema: basi na mlevi anayempiga mkewe baada ya kunywa siko atasema ni ubongo wake. Kweli atasema, na kweli ni ubongo wake. Lakini wema nao unapita katika ubongo, hata sala, kwa hiyo neno hilo peke yake halimtetei mtu yeyote. Tuangalie jambo jingine. Sultani akitokea njiani, mkono wa mlevi unashuka. Kumbe anaweza kusikia, anaweza kuchagua, ila kwa mkewe hachagui. Mtoto wa kifafa anaanguka mbele ya askofu kama anavyoanguka mbele ya mbuzi. Wa kwanza aitwe mbele ya wazee na atubu. Wa pili alazwe ubavu.

Kati yao kuna wengine, na hapo hatuna kipimo safi. Yule kijana wetu, akiamka baada ya kuanguka, alikuwa akimtukana bibi yake na kumsukuma mdogo wake. Tulimpiga kwa hilo, zaidi ya mara moja. Siku hizi tumekubaliana kwamba anayetoka kwenye mshtuko asiulizwe neno mpaka akili imrudie, na kwamba makosa yake ya siku nyingine aonywe kama watoto wengine, kwa sababu kumsamehe kila kitu nako ni kumfanya si mtu.

Mtoto akianguka: mwondoe karibu na moto na maji, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, wala usimtie kijiko mdomoni. Mguse bila hofu, mate yake hayaambukizi. Mshtuko ukizidi dakika tano, mbebeni kwenye kituo cha afya. Maombi tunaendelea nayo, na mikono tunaweka, lakini hakuna mzee wa kanisa mwenye ruhusa ya kusimamisha dawa ya mtu.

Kijana amerudi kwenye vidonge. Mkono umepona ila vidole viwili havikunjuki vizuri. Mama yake alipotusikia tukimwomba msamaha alisema tu tumletee ndoo yenye mfuniko, ya kuhifadhia dawa panya wasiifikie, na ndoo hiyo amekwisha kupelekewa.