Mtoto Asemaye Bila Maneno

Bwana wetu Yesu Kristu alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, aliwaonya ya kwamba mwenye kumkwaza mdogo wa namna hiyo astahili adhabu iliyo nzito kuliko kutoswa majini na jiwe shingoni. Wavuvi wa Mahagi-Port, wakaao ufukoni mwa Ziwa Albert, waelewa upesi onyo hilo: kilichofungwa jiwe hakielei.

Mtoto ateswaye mara nyingi hunyamaza. Ametishwa, au aona haya, au mtesi wake ndiye amlishaye. Hata hivyo mwili wake na mwenendo wake husema. Shuleni huonekana mtoto aliyekuwa mchangamfu, na sasa ajitenga na wenzake. Mwingine ashtuka mtu ainuapo mkono. Mwingine ana alama za fimbo, mpya juu ya za zamani, na kila mara asema ameanguka. Mwingine aketi kwa maumivu, au alia ifikapo saa ya kurudi nyumbani.

Ishara moja si hukumu, kwani hata malaria na njaa humnyong'onyeza mtoto. Lakini yampasa mkubwa kuuliza. Na aulize kwa upole, asikilize pasipo kumtilia mtoto maneno kinywani, wala asimwahidi kuificha siri hiyo. Kisha ampashe habari mkuu wa shule au mzazi asiye na hatia. Mtoto aliyenajisiwa apelekwe kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana baada ya hapo dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai tena.

Wako wasemao: "Tuyamalize kifamilia, mkosaji atoe mbuzi." Mbuzi huyo hufunika aibu ya wakubwa, hamponyi mtoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 huwaadhibu wenye kunajisi, na ile ya tarehe 10 Januari 2009 humlinda kila mtu asiyetimiza miaka 18. Wala cheo katika Kanisa si ngao: mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaamuru mapadri na watawa kuwapasha wakubwa wa Kanisa habari za maovu hayo.

Mkatekumeni hufundishwa ya kwamba dhambi si kutenda uovu tu, bali pia kuacha jema limpasalo mtu. Siku ya Ubatizo ataulizwa kama amkataa Shetani na kazi zake zote. Jibu lake na lianze leo, kwa mtoto wa jirani anyamazaye.